Bundi wa Njia ya Mkato

Twalib alikuwa mlinzi wa ghala moja lililopakana na bwawa la matete, kusini mwa mtaa wa La Rochelle, huko kusini kabisa mwa Afrika alikohamia, na wenzake hawakuacha kumcheka kwa kupiga picha ndege. Mtu mzima, mwana wa Tanga, anahangaika na kamera kuukuu ya mtumba aliyoinunua mtaa wa Newtown akiwinda kitoweo kisichoingia chunguni! Naye alicheka nao. Ila mwezi huo hakuwa na kicheko, kwani kwenye nyasi ndefu alikuwa amemwona bundi na makinda watatu. Kila asubuhi kabla ya zamu alilala kifudifudi kwa mbali, akiwapiga picha na kungoja waote manyoya ya kurukia. Zilibaki kama wiki mbili.

Kilichomnyima raha ni njia ya mkato. Wapangaji wenzake walikatiza humo kuwahi teksi, na kila siku nyayo zao zilikisogelea kiota. Watu wa chama cha watazamaji ndege walishamuusia kwamba kiota cha bundi haonyeshwi mtu. Lakini wale ni Wazungu, alijiambia, bundi wanamjulia wapi? Kwetu bundi halindwi kwa siri, hulindwa kwa woga. Mtu akimwona anabadili njia, basi.

Jumapili akawaonyesha picha uani. Pandu, jirani yake wa chumba cha pili, aliitazama mpaka kioo cha kamera kikazimika. Mkewe Mayasa alikuwa na mimba ya miezi saba, na mbili za kwanza zilikuwa zimetoka.

"Wapi hapa?"

"Kwenye njia yenu ya mkato, pale penye nguzo ya umeme iliyoinama. Msipite tena, shehe. Mambo ya bundi unayajua."

"Eish. Na huku kwetu hafiki?"

Twalib akaona atie chumvi kidogo. "Anafika. Hutua juu ya paa, upande wa chumba chako."

Jumatatu hakupita mtu. Jumanne pia. Twalib akajiona mjanja kweli kweli.

Jumatano mchana alisikia harufu ya moshi. Ulikuwa mwezi wa Mei, nyasi zimekauka, na alipofika mbio moto ulikuwa umeshapita penye kiota. Makinda wawili walikuwa mkaa. Wa tatu alifumbua mdomo mara mbili mkononi mwake, akafa. Mama yao alizunguka juu kwenye jua kali huku kunguru wakimdonoa. Kando ya nguzo alisimama Pandu na galoni tupu la mafuta ya taa, machozi yakimtoka.

Akamshika Twalib mkono kwa mikono yake miwili, mkono uleule wenye majivu.

"Mayasa hajui kitu, usimwambie. Wallahi, mimi tangu Jumapili sijafumba jicho, nasikiliza paa. Mungu akulipe, ndugu yangu. Usingetuonyesha, tungejuaje?"

Twalib alitaka kumwambia kwamba bundi hakuwahi kutua pale paani. Alimtazama usoni, akasema, "Amina."