Chumba cha Nne

Kitu cha kwanza alichokiona Goreth ni unyevu kwenye kioo cha kompyuta ya parokia. Ulikuwa upande wa ndani, duara dogo, kama mtu alikuwa anahema karibu na dirisha. Alipitisha kitambaa, haukutoka. Akaendelea kufagia, maana vumbi la barabara ya Mpanda lilikuwa linaingia ofisini kutwa nzima.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1999. Bruda Stanslaus, Mfipa wa Karema aliyeitunza ofisi hiyo, alikuwa anaijaribia kompyuta sura mpya. Mashine ilitumia programu ya Linux, na mpaka wiki hiyo ilikuwa kioo cheusi chenye maandishi meupe tu. Rafiki yake wa Ulaya alimtumia diski yenye sura ya rangi, madirisha ya kufungua na kufunga, na chini kabisa vitufe vinne. Kila kitufe kilifungua chumba chake.

"Sogea uone, Goreth," alisema Bruda. "Haiumi. Ingekuwa inauma ingeanza na mimi mwenye nyama."

Goreth alisogea kidogo. Aliishia darasa la nne, na mbele za watu alikuwa mtu wa kuongea na ufagio. Bruda alimwonyesha chumba cha vyeti vya ubatizo, kisha cha barua, kisha kimoja kitupu. Alipobonyeza cha nne, Emelyne alikuwa amekaa humo juu ya mkeka, amejifunga kitenge alichozikwa nacho.

"Huyu ni nani?"

"Dada yangu."

"Karibu, dada," Bruda alimwambia Emelyne, akarudi chumba cha kwanza kumalizia cheti.

Emelyne aliugua tumbo Goreth akiwa bado mtoto. Walikuwa wakimbizi wa Burundi, na pale makazini mkimbizi hakutoka bila kibali, na kibali kilianza na sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ladislas, ambaye alitia sahihi Jumatatu tu. Emelyne aliugua katikati ya wiki. Baba yao, Nestori, aliambiwa arudi Jumatatu. Hakungoja. Alimfunga Emelyne kwenye keria ya baiskeli, akapita njia ya porini, Goreth akisukuma kwa nyuma. Hospitali ya Mpanda hawakufika. Walimzika karibu na mto, wakarudi.

Nestori aliogopa kuulizwa alitokaje makazini. Alimwambia mkewe, Immaculata, kwamba madaktari walimpeleka Emelyne Kigoma, na huko akapata mume, wakarudi Burundi. Baadaye Nestori naye alifariki, na uongo ule ukabaki kwa Goreth peke yake.

Habari za chumba cha nne zilienea. Wanawake wakitoka kuloweka mihogo walipita kumsalimia Emelyne kwa Kirundi. Immaculata alipoambiwa, alicheka. Binti yake alikuwa Burundi, alisema, huyo wa kwenye kioo alikuwa wa watu wengine.

Mzee Ladislas alikuja na tangazo la mkutano la kuchapwa. Bruda alifungua chumba cha nne kimakosa.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Emelyne. Sauti yake ilitoka kwenye matundu ya nyuma ya mashine, pamoja na ya feni.

"Marahaba. Wewe si wa Nestori? Umekonda."

"Nimekuja kuhusu kibali cha kwenda hospitali."

"Leo Ijumaa, binti yangu. Njoo Jumatatu."

"Sawa, mwenyekiti."

Mzee Ladislas alimgeukia Bruda. "Vijana hawana subira," alisema, akauliza kama tangazo lingeweza kuwekwa mstari chini ya jina lake.

Alipoondoka, Emelyne alimwita Goreth.

"Mdogo wangu, mama ameganduka?"

Goreth alitikisa kichwa. Kwa Warundi, ndugu hukusanyika wakanywa pombe, wakavua msiba. Huko ndiko kuganduka. Kabla ya hapo marehemu hana pa kwenda. Nestori aligandukiwa. Emelyne hakuwa na msiba wa kuvuliwa, maana hakuna aliyeambiwa amekufa.

"Basi nitaendelea kukaa," alisema Emelyne. "Lakini humu kuna baridi."

Jumamosi cheti kimoja kilichukua asubuhi nzima kufunguka. Bruda alisema mashine ilikuwa ya zamani, sura hiyo ilikuwa inaielemea, na alikuwa anaiondoa.

"Na vyumba?" aliuliza Goreth. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aanze kazi.

"Vinaondoka nayo. Kama una la kumwambia, mwambie sasa. Jenereta inaishiwa mafuta."

Goreth alisimama mbele ya kioo. Akapitisha kitambaa tena juu ya unyevu ule. Emelyne alikuwa ameshakunja mkeka wake.

"Si mimi wa kuambiwa," alisema Emelyne.

Bruda aliandika amri. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akajibu kwa herufi moja. Mistari myeupe ilipanda kwa muda mrefu, kisha ikasimama. Kompyuta ikawa nyepesi tena, na siku hiyohiyo vyeti vyote vilichapwa.

Jumatatu Goreth alipita kwa Mzee Ladislas akienda kazini. Watu walikuwa wamepanga foleni. Mzee alitia sahihi mpaka chai yake ilipoletwa, akafunga kalamu. Mama mmoja mwenye mtoto wa homa mgongoni aliambiwa arudi Jumatatu nyingine. Akashukuru.

Jioni Immaculata alikuwa barazani akifuma sweta la mjukuu ambaye aliamini yuko Burundi. Kila mwaka alifuma kubwa kidogo, maana watoto hukua. Alilinyoosha juu ya magoti.

"Goreth, njoo usimame hapa nipime. Mtoto wa Emelyne atakuwa anakufika wapi sasa? Kiunoni?"

Goreth alikuja akasimama. Akamwacha mama yake apime bega, kisha mkono.

"Mama," alisema, "Emelyne hana mtoto. Alifia kwenye baiskeli, mimi nikisukuma. Nilihisi amekuwa mzito, sikumwambia baba, nikaendelea kusukuma."