Mizinga Sita kwa Heshima ya Amani

Saa mbili na robo asubuhi keki iliingia katika ofisi za Tume ya Pamoja chini ya ulinzi wa askari wanne, wawili wa kila upande. Waliibeba kwenye ubao wakitembea sambamba, kwa kuwa mkataba wa kusitisha vita ulikataza upande wowote kutangulia mlangoni, na mlango ulikuwa mwembamba. Iliwachukua muda. Juu ya keki paliandikwa kwa sukari ya bluu: Miezi Mitatu Bila Uvunjaji Uliothibitishwa. Neno la mwisho lilikosa nafasi, likateremka ubavuni, lakini Katibu wa Tume alikuwa amesisitiza liwepo. Bila neno hilo keki ingekuwa inasema uongo.

Katibu alikuwa mwanasheria mwenye sauti ya chini na tabia ya kutoamini jambo mpaka aligeuze upande wa pili. Kazi yake ilikuwa kuandika yale ambayo makanali wawili wamekubaliana, na kwa kuwa hawakuwahi kukubaliana, mkono wake haukuwa na uchovu. Kanali wa ukingo huu wa magharibi wa mto aliitwa Miwani, maana alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Wa ng'ambo aliitwa Peremende: aliacha sigara siku mkataba uliposainiwa, na tangu hapo shavu lake moja limevimba kwa pipi kutwa. Mlio wa silaha ukisikika, wote wawili walipanda gari moja kwenda kukagua. Hakuna aliyekubali mwenzake akae mbele, hivyo walibanana nyuma, na kiti cha mbele kikakaliwa na bendera ya Tume, imefungwa mkanda. Jambo lilihesabiwa limethibitishwa pale tu wote wawili walipolitia saini.

Juma lililopita walikagua tangi la maji la zahanati ya ng'ambo, lililotobolewa kama chujio. Peremende alisema risasi ziliingia. Miwani alisema zilitoka, yaani mtu wa Peremende alikaa ndani ya tangi la maji akapiga risasi kuelekea nje. Baada ya mabishano ya nusu siku Katibu aliandika “matundu ya asili isiyojulikana”, wakaridhika, wakaenda kula. Ni yeye pia aliyebuni maneno “tukio la sauti” yachukue nafasi ya mlipuko. Makao makuu yalimpigia simu kumpongeza.

Tatizo lilikuwa Ibara ya Tisa. Ilisema uvunjaji wowote ukithibitishwa, daraja litafunguliwa papo hapo kwa muda wa saa tatu, ili majeruhi na wagonjwa wavushwe kwenda hospitali ya ukingo huu, iliyo pekee yenye chumba cha upasuaji. Waandishi wa mkataba waliona kusiko na uvunjaji hakuna majeruhi, na kusiko na majeruhi daraja la nini? Kwa hiyo amani ilikuwa imelifunga lile daraja kwa kufuli ambalo vita haikuwahi kuwa nalo. Wakati wa vita watu walivuka kwa kuhonga. Sasa hata rushwa ilikuwa imesitishwa, chini ya usimamizi wa kimataifa.

Saa mbili na nusu simu ya Katibu iliita. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mwalimu wa hesabu ng'ambo ya mto. Mdogo wake alikuwa na mimba iliyotimia, na tangu jana uchungu ulikuwa unakuja na kupotea.

“Shemeji, mtoto kakaa mkingamo,” alisema. “Mkunga kajaribu kumgeuza, kagoma. Anasema hapa akiachwa mpaka jioni, tutawakosa wote wawili.”

“Anasema, au amepima?”

“Amepima, shemeji. Amepima mara mbili, kisha akatoka nje akalia. Sasa sijui hilo nalo wewe unalihesabu vipi.”

Katibu alimwambia amtafutie mkewe gari, amlaze ndani yake, amsogeze mpaka kwenye kizuizi cha daraja, akae hapo. Shemeji aliuliza kukaa kungojea nini. Katibu akakata simu.

Aliwaendea makanali mmoja mmoja, na kila mmoja alimpokea kwa huruma ya kweli. Miwani alivua miwani, jambo ambalo Katibu hakuwahi kuliona, akasema ana dada naye, anajua. Yuko tayari dakika hiyo hiyo kuthibitisha kwamba watu wa Peremende walitoboa tangi la zahanati. Peremende, upande wa pili wa ukuta, alihamisha pipi kutoka shavu hili kwenda lile, akasema kwa ajili ya mgonjwa yuko radhi kuthibitisha kosa lolote la Miwani, hata mawili, Katibu achague. Kosa la kwake mwenyewe? Hapo alimkata jicho. Leo ni sherehe, Mama Katibu. Leo dunia nzima inatuangalia.

Dunia nzima iliwasili saa tatu, kwa magari saba. Mjumbe Maalumu, ambaye madereva walimwita Bwana Matumaini kwa sababu hakuwahi kumaliza hotuba bila matumaini yenye tahadhari, aliikagua keki, akakagua viti, akakagua mpangilio wa bendera. Uso wake ulionyesha kupungukiwa. Aliwaambia makanali kwamba wapiga picha wamesafiri mbali, na keki ni keki tu. Sherehe ilihitaji kitu chenye uzito.

Peremende akasema, kwa unyenyekevu, kwamba upande wake ungeona fahari kumpigia Mheshimiwa mizinga mitano ya heshima.

“Sisi saba,” alisema Miwani.

Mvutano ulikuwa mkali kuliko ule wa mipaka. Mjumbe, aliyeshindwa kuwapatanisha juu ya visima, malisho na wafungwa, aliwapatanisha hapo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai: sita kwa sita, kwa pamoja, saa nne kamili, kutoka kila ukingo. Makombora matupu ya mlio yalitafutwa. Hayakuwepo, kwani hakuna aliyekuja vitani na makombora ya kuchezea. Ikaamuliwa yatumike ya kweli, yaelekezwe kwenye vilima visivyo na watu. Kuhusu mizinga yenyewe hapakuwa na shida. Silaha nzito zote zilikuwa zimeondolewa rasmi katika eneo la mto tangu mkataba, kwa saini za wote, na ndani ya dakika ishirini zilikuwa zimepangwa kingoni pande zote mbili, zimepakwa mafuta, zinang'aa. Mjumbe alisifu nidhamu hiyo.

Katibu alisikia yote akiwa ameketi mwisho wa meza. Mtu akipiga bunduki moja ndani ya eneo lile amevunja Ibara ya Pili. Mizinga kumi na miwili kwa mpigo haikuwahi kutokea hata siku mbaya kuliko zote za vita. Kazi yake ilikuwa kulisema hilo. Alifungua kinywa, na wakati huo huo Mjumbe akamgeukia.

“Mwanasheria wetu, kisheria hakuna tatizo?”

Aliwaza juu ya gari lililosimama kwenye kizuizi, injini imezimwa kuokoa mafuta.

“Neno sherehe halimo popote katika mkataba, Mheshimiwa,” alijibu.

Ilikuwa kweli tupu. Mjumbe aliipokea kama ruhusa, akaenda kurekebisha tai yake.

Saa nne kasoro kidogo vipaza sauti vilitangaza kingo zote mbili kwamba milio itakayosikika ni ya amani, wananchi wasikimbie. Wananchi wakakimbia. Saa nne kamili mizinga ikanguruma. Madirisha ya Tume yalipasuka, mpiga picha mmoja alijitupa chini ya meza na kamera yake, na vilima vikafuka moshi. Mjumbe alibaki wima, mkono kifuani, kope zinamchezacheza.

Moshi haujatulia, makanali walikuwa wameshavaana. Miwani alidai Peremende kapiga wa saba, wa kujiongezea sifa. Peremende alisema ule wa saba ni mwangwi, na kwamba wa kwanza wa Miwani ulichelewa, watu wake walikuwa wamelala kama kawaida yao. Nusura washikane mashati mbele ya kamera. Katibu alisogea katikati yao, akasema kwa sauti ile ile ya chini kwamba Tume ina utaratibu wake. Kama kila mmoja anataka heshima yake isichezewe, basi iandikwe, isainiwe, imalizike.

Walikubali kwa pamoja, kwa mara ya kwanza. Katibu aliandika kwamba saa nne kamili asubuhi upande wa magharibi ulipiga mizinga sita ya moto kutoka ukingo wa mto, na upande wa mashariki ukapiga sita, kwa wakati mmoja, kwa amri ya makamanda waliotajwa hapa chini. Peremende aliomba liongezwe neno “barabara” baada ya sita yake. Likaongezwa. Miwani akataka na lake. Wakasaini wakitabasamu, na Mjumbe akasaini kama shahidi, akainua karatasi juu ipigwe picha.

Katibu aliipokea, akatoka nayo. Darajani hapakuwa mbali. Alitembea upesi, viatu mkononi sehemu yenye kokoto. Ofisa wa waangalizi wa kigeni aliyelinda kizuizi alikuwa mtu mrefu, mwenye uso uliounguzwa na jua na uvivu. Aliisoma karatasi mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole.

“Wamesaini wote?”

“Wote. Na shahidi.”

“Mama,” alisema, “miezi mitatu naisubiri hii karatasi. Nilidhani nitastaafu bila kuiona.”

Akainua redio, akatamka namba ya ibara. Saa nne na dakika thelathini na tano kizuizi kilipanda, cha huku na cha kule. Gari la kwanza kuvuka lilikuwa la kubebea mchanga. Ndani yake juu ya godoro alilala mdogo wa Katibu, mkono mmoja wa mumewe chini ya kichwa chake. Nyuma ya gari hilo palikuwa na msururu ambao haukuonekana mwisho, watu waliobebwa kwa machela, mikokoteni na migongo, ambao kwa mujibu wa taarifa za Tume hawakuwepo.

Makanali walimfikia Katibu kabla hajapanda gari. Mjumbe alikuwa bado jukwaani, katika aya ya matumaini, na msaidizi wake alikuwa ndiyo kwanza anamnong'oneza.

“Umetutega,” alisema Miwani.

“Mimi sikupiga hata mmoja, Kanali.”

“Tutakataa saini zetu,” alisema Peremende.

“Kataeni. Mtahitaji kwenda kukagua, kisha mkubaliane kwamba hakuna kilichotokea. Gari liko pale, na bendera ishafungwa mkanda.”

Peremende alitafuna pipi yake mpaka ikapasuka. Walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza.

Saa tano na robo Katibu alifukuzwa kazi kwa simu, na mtu yule yule wa makao makuu aliyewahi kumpongeza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa kwenye benchi la hospitali, ubavuni mwa shemeji yake, ambaye alikuwa ameegemea ukuta akiwa amefumba macho bila kulala. Hospitali ilikuwa imejaa hadi ngazini, na mizigo ya wagonjwa ilibidi irukwe.

Saa sita kasoro dakika kumi muuguzi alitoka chumba cha upasuaji, barakoa imeshuka kidevuni, akauliza ndugu wa mke wa mwalimu ni nani. Akasema mtoto ni wa kike, na mama anashonwa, anaongea.

“Umewaona mwenyewe?” aliuliza Katibu.

“Huyo mtoto nimemshika kwa mikono hii, dada,” alisema muuguzi.