Bega la Kushoto

Fundi cherehani alifikisha miaka hamsini na sita bila mtu kumwambia usoni kwamba alikosea kuchagua mume. Shangazi yake alijaribu, lakini kwa mafumbo. Aliyekuja kulisema waziwazi, kwa lugha ya chuo kikuu na sauti tamu, alikuwa binti yake wa pekee.

Binti alikuwa amerudi nyumbani kufanya mazoezi. Jumatatu angesimama mbele ya walimu wake kutetea utafiti alioutolea jasho miaka mitatu, na wazazi walikuwa wamealikwa. Basi akasimama kando ya meza ya kukatia vitambaa, karatasi mkononi, akaanza. Alieleza kwamba namna tunavyopendana ni urithi wa mababu wa kale kabisa. Mwanamke wa zamani zile alihitaji mwindaji, kwa hiyo jicho lake likazoea kutua kwa mwanamume mrefu, mwenye kifua, ambaye kulia na kushoto kwake kumelingana, maana mwili uliolingana ulikuwa dalili ya afya. Watoto wa waliochagua hivyo ndio waliosalia, na sisi ni vitukuu vya wachaguzi hao.

Pale konani, baba mtu alikuwa akiitikia kila sentensi kwa kichwa, fahari imemjaa. Kimo chake kiliishia sikioni mwa mkewe, na bega lake la kushoto, tangu kuzaliwa, lilikuwa chini ya la kulia kwa inchi moja na nusu. Hakuna aliyelijua bega hilo kuliko fundi. Tangu koti la harusi alikuwa akilishonea pamba kwa ndani, ili ndimi za ukoo zipate likizo.

"Na mimi je?" fundi akauliza. "Mimi nilichagua kwa jicho la nani?"

Binti akageuka kutazama konani. Alimzoea baba yake kama mtu anavyozoea mlango wa kwao, hakuwahi kumpima. Akaanza kusema kwamba nadharia huzungumzia watu wengi, si mtu mmoja mmoja. Maneno hayo yalimuuma mama yake zaidi. Akamwambia aketi, akamsimulia.

Enzi hizo wachumba walikuwa wawili, na wote wawili aliwapima suti kwa mikono yake. Wa kwanza walimwita Mnara. Alikuwa mrefu, amelingana pande zote hata futi ilikuwa haina la kusema. Alipopimwa alijitazama kwenye kioo mwanzo hadi mwisho, na pini zilipoanguka akazipita, akaenda zake. Wa pili ndiye huyu. Alipoona fundi, msichana wakati huo, anakanyaga cherehani peku, alipiga magoti na suruali yake ya pekee ya maana, akaokota pini zote zilizoanguka sakafuni, kumi na saba. Kesho yake akarudi na sumaku. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, akasema mchagua nazi hupata koroma. Fundi akamjibu kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, akaolewa.

Ilikuwa sasa miaka thelathini na mmoja, na kila jioni sumaku ile ile ilipitishwa sakafuni. Binti alijifunza kutambaa kwenye sakafu hiyo, na hakuchomwa hata siku moja.

Binti akafunua karatasi za nyuma. Alikiri kwamba hilo nalo limo: mtoto wa binadamu huchukua miaka mingi kukua, mwindaji hodari asiyekaa nyumbani hakumfaa mtu, na huenda jicho la yule bibi wa kale lilimtafuta pia mtu wa kubaki. Ila yeye alikuwa ameliweka mwisho na kulitengea dakika mbili tu.

"Anzia hapo," mama yake akasema.

Kisha fundi akachukua koti jipya la mumewe, lililoshonwa kwa ajili ya Jumatatu, akaligeuza ndani nje, akaanza kufumua pamba ya bega la kushoto. Mume, aliyekuwa ameanza kupitisha sumaku sakafuni, akaiweka chini.

"Mke wangu, watu wataona."

"Waone. Mimi niliona kwanza, na nikachukua."

Jumatatu binti alianzia sakafuni. Alisimulia habari za pini kumi na saba bila kusema ni za nani. Mwalimu mmoja, mrefu, ambaye fundi alishatambua kwa mbali kwamba mabega yake ni ya pamba tena imeshonwa ovyo, akauliza kama mfano huo ni wa kweli au wa kutunga. Binti akasema shahidi yumo ukumbini, akamwomba baba yake asimame.

Akasimama. Bega lilishuka mahali pake, na koti likashuka nalo bila mkunjo hata mmoja. Fundi alimtazama kuanzia kola hadi pindo, kama anavyotazama kazi iliyokwisha, kisha akamgeukia mama mmoja aliyeketi kiti cha jirani, ambaye hakuwa ameuliza kitu.

"Huyo," akamwambia, "nilimchagua mwenyewe."