Kijana Aliyekuja Badala ya Kessler

Habari ilitukuta nyuma ya nyumba, Mama akigeuza soseji kwenye jiko la mkaa. Redio ilisema Korongo, timu yetu ya besiboli hapa Buffalo, imemtoa Wade Kessler kwa timu moja tajiri ya pwani, na badala yake imepewa vijana watatu tusiowajua.

Kaka yangu Kaz aliweka bia yake chini polepole. Tulikuwa tumeshika mkia wa ligi miaka nenda rudi, lakini siku anayorusha mpira Kessler tulikwenda uwanjani vifua mbele kama watu wenye timu.

"Tumetoa ng'ombe, tumerudishiwa mayai matatu," alisema Kaz.

"Ng'ombe mwenyewe mzee," alijibu mume wangu, Otis. Otis ni mpeleka barua, na anapozunguka mitaani na mfuko wake husikiliza vipindi vya besiboli kutwa nzima. "Hii timu ikija kukaa sawa, shemeji, Kessler atakuwa anacheza na wajukuu. Bora auzwe sasa, tujenge upya."

"Tujenge upya! Tangu sijaota ndevu wanajenga upya. Nyumba gani hiyo isiyofika kwenye paa?"

"Yupo mmoja, Paniagua. Anatoka Jamhuri ya Dominika, bado kinda kabisa. Anasimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, na wanasema mpira haumpiti."

"Wewe umemwona?"

"Nimesoma habari zake."

"Haya. Na mimi nimesoma kwamba utakonda."

Otis alicheka, maana tumbo lake analijua. Waliendelea hivyo mpaka soseji zikapoa. Mama alizirudisha jikoni kwa kishindo. Mwishowe akauliza, "Huyo mtoto anacheza wapi sasa hivi?"

"Timu yetu ya vijana, Mama," alisema Otis. "Pale Ashby, kando ya ziwa."

"Ashby hapa karibu? Na hakuna aliyemwona? Basi mnagombania jina tu. Jumapili tunakwenda."

Kaz alisema hendi kumtazama mtoto wa watu akijifunza kutembea. Jumapili ilipofika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye gari.

Uwanja wa Ashby ni mdogo, mtazamaji anakaa karibu na wachezaji kiasi cha kuwasikia wakitema maganda ya alizeti. Paniagua tulimtambua kwa jina mgongoni: mrefu, miguu myembamba, kofia imemzidi. Zamu yake ya kupiga ilipofika, Otis alisogea ukingoni mwa kiti. Kijana alipiga hewa. Akapiga hewa tena. Mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, gongo la kupigia karibu limtoroke mikononi, akarudi benchi kichwa chini.

"Yai la kwanza hilo," Kaz alinong'ona.

Zamu ya pili ikawa vilevile. Niligeuka nimwone kaka yangu akifurahi, lakini hakuwa na furaha. Alikuwa ametaka sana kuwa sahihi, na sasa usahihi wenyewe ulimkaa vibaya mdomoni.

"Lakini mtazameni miguu," Mama alisema ghafla. "Akiwa analinda. Anaondoka kabla mpira haujapigwa. Amejuaje unakokwenda?"

Tukaanza kutazama. Kweli, mpigaji akiinua gongo, Paniagua alikuwa tayari amenyata hatua kushoto au kulia, na mpira ukamfuata kama umeitwa. Mara moja alikosea, akaenda kulia na mpira ukapita kushoto, mashabiki wa Ashby wakamzomea. Kwa mpigaji aliyefuata, Paniagua akanyata tena bila woga. Kaz akainama mbele atazame vizuri. Hata bia hakuagiza.

Mchezo ulipokwisha, vijana walikuja kwenye uzio kusalimia watu. Mama alijipenyeza mpaka mbele.

"Mwanangu, unajuaje mpira unakokwenda?"

Paniagua alicheka. Lugha yetu alikuwa bado anajifunza, akaitafuta neno kwa neno. "Goti, mama. Goti la mbele la mpigaji. Linasema. Mara nyingine linadanganya."

"Nyinyi mnatoka Ashby?" kijana akatuuliza.

"Buffalo," alijibu Otis.

Kicheko kikamwisha. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Watu wa Buffalo wananichukia? Kwa sababu ya Kessler?"

Otis akamgeukia shemeji yake. Kaz alikuwa ameshika waya wa uzio, masikio mekundu.

"Mimi nilikasirika," alisema. "Sikatai. Nilimpenda sana yule bwana. Lakini wewe hukujiuza mwenyewe. Hukutukosea kitu." Akakohoa. "Ila ukirushiwa mpira wa chini, mbali na wewe, uache. Unaupigia kila mara."

"Kila mtu ananiambia," alisema Paniagua, na kicheko kikarudi.

Alipanda timu kubwa baada ya misimu miwili. Wale wenzake wawili hawakufika. Mmoja bega lilimharibikia, mwingine alirudi kwao Georgia kuuza magari. Paniagua analinda vizuri ajabu na kupiga bado kunamsumbua, na Korongo sasa tuko juu ya mkia kidogo tu.

Kiangazi kilichopita redio ilianza kusema huenda akauzwa. Otis alisema hiyo ni akili, kwamba bei yake haitapanda zaidi ya hapo. Kaz aliinuka mezani, akatoka nje. Nilimfuata, nikamkuta ameegemea gari lake.

"Ni mchezaji mzuri kweli, Kaz?" nilimuuliza. "Sema ukweli."

Alikwangua tope lililokauka mlangoni mwa gari.

"Sijui, Denise. Naapa sijui. Lakini nataka kuona."