Kigari Chenye Utepe Mwekundu

Magoti ya yule msichana yalikaribia kugusa kidevu chake, kwa jinsi kigari kilivyokuwa kidogo, na Verna alipoyaona tu moyo wake ulikataa. Mtoto wa miaka tisa kusukumwa kwenye kigari! Tena ndiye yuleyule aliyemwona asubuhi langoni akiruka kidimbwi cha maji kama mbuzi.

"Kigari kinabaki hapa, mama."

"Hukuona utepe mwekundu?" mama mtoto alimjibu. "Huo unaruhusu kigari kiingie hadi kwenye foleni, sawa na kiti cha magurudumu. Wenzako wenyewe wameufunga."

"Nimeuona. Ndiyo maana namwita msimamizi."

Kwa miaka kumi na mmoja, katika bustani ile ya michezo karibu na Orlando, kazi ya Verna Odom ilikuwa kupanga vigari mbele ya treni ya milimani. Wazazi huviacha ovyo wakakimbilia treni. Yeye hubaki akivivuta na kuvinyoosha safu kwa safu. Wakirudi hawavioni walipoviacha, basi wanapiga kelele kwamba wameibiwa. Hapo ndipo alipowajua watu. Wenye wajukuu wa kuazima, wenye bandeji zinazohama mguu, wote wanataka kupita mbele ya wenzao. Kanuni ilimkataza kumuuliza mgeni ugonjwa wake, lakini haikumkataza kuita redioni.

Aliita. Alipoirudisha redio kiunoni ndipo akashtuka. Amemwita nani? Brent! Brent, msimamizi wake, ambaye wiki mbili hizi alikuwa akimnyatia kwa jicho la pembeni, kwa kuwa kuna mbea kamnong'oneza habari za magoti ya Verna. Asiyeweza kutembea zamu nzima bila kujishikiza alikuwa akiondolewa kazini, na bima ya matibabu inaondoka naye. Verna alibakiza miezi minne tu afikishe sitini na mitano, apate bima ya wazee ya serikali. Miezi minne! Ndiyo sababu kila siku alichagua kigari kitupu akawa anakiegemea na kukisukuma huku na huku, eti anakitafutia nafasi.

Mama mtoto alimshika mkono mwanawe mdogo aliyekuwa akibana mapaja. "Nampeleka huyu msalani, Josie. Usitoke hapo. Bibi huyu atakuangalia, maana macho anayo."

Wakabaki wawili. Msichana alimkazia macho bila haya.

"Mbona hukiachi?"

"Nini?"

"Hicho kigari. Hakina mtoto."

Verna aligeuka kutazama kama kuna aliyesikia. Katoto haka kanataka nini? Kametumwa?

"Na wewe mbona asubuhi uliruka?" akamrudishia.

"Asubuhi naweza. Mchana magoti yanavimba, yanawaka moto. Mama anasema nibane matumizi, mimi naitumia miguu yote asubuhi." Josie aliinua pindo la suruali. Goti lilikuwa limejaa, jekundu, linang'aa. "Lako likoje?"

Aibu ilimpanda Verna hadi masikioni. Yeye pia, kila alfajiri, alishuka kwenye gari lake akitembea kama msichana.

"Verna!" Brent alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja, chini ya turubai, mikono kifuani. Hakuonyesha dalili ya kusogea. "Acha hicho kigari hapo. Njoo unieleze."

Hatua arobaini, na hakuna ukuta wala kamba ya kujishikiza. Verna alikiachia kigari kitupu. Goti la kulia likatetema, akasimama.

"Nisukume," Josie alisema taratibu. "Mwambie mimi ndiye kesi yenyewe."

Verna alimtazama, bado akitafuta hila usoni mwa mtoto. Kisha akashika mpini, akaulalia kwa uzito wake wote, wakavuka.

Brent hakumtazama msichana. Alitazama mikono ya Verna. "Haya, utepe una nini?"

"Hauna kitu. Ni halali. Nilikosea mimi."

"Wewe? Miaka kumi na mmoja hukukosea, ukosee leo?" Alinyoosha mkono. "Sawa. Niachie nimsukume mimi kwa mama yake. Wewe nitangulie ofisini."

Vidole vya Verna havikufunguka.

"Sitaki," Josie alisema, akashika gurudumu kwa mkono. "Namtaka huyu. Anajua kwenda polepole."

Mama mtoto alikuwa ametokea msalani, anaangaza macho huku na huku mahali alipomwacha binti yake. Verna alikigeuza kigari, akaanza kurudi, hatua fupi fupi, mpini tumboni. Lakini viatu vya Brent vilikuwa nyuma yao, kwa mwendo wao huohuo, na Verna hakuthubutu kugeuka.