Goti Jipya la Nyamizi

Goti la mama yangu, Nyamizi, lilivimba tangu nikiwa darasa la kwanza. Baridi yabisi ilimtesa miaka na miaka, hadi kutoka jikoni kwenda zizini ikawa safari. Mwaka 1978 tukamtoa nyumbani Rujewa, tukampeleka hospitali ya misheni upande wa Iringa. Daktari mgeni akaondoa goti bovu, akaweka la chuma na plastiki.

Mama akarudi amenyooka. Baba, Mzee Bujiku, akalitangaza goti hilo mnadani na kilabuni utadhani ni lake. Daktari alitoa sharti moja tu: marufuku kupiga magoti.

Marufuku! Mama wa Kisukuma gani anaamkia wazee akiwa wima? Na mwezi uleule Mzee Nkuba alikuwa anakuja kukamilisha posa ya mwanawe, Shija, kwangu. Nkuba huyu aliwahi kuvunja posa kwa sababu binti alimpa maji kwa mkono wa kushoto. Nami nilimpenda Shija, sifichi.

Wakafika, Shija akiwa nyuma ya wazee. Mama akatoka na kata ya maji, akasimama mbele ya Nkuba, akaamkia.

Nkuba akatazama chini, mahali magoti yalipotakiwa kuwa. "Bujiku, hapa kwako wanawake wanaamkia kama askari?"

"Ana goti la chuma, mzee!" nikaropoka kutoka jikoni nilikokuwa nasonga ugali.

"Hata jembe ni la chuma, na linainama," Nkuba akajibu, akanyanyua fimbo yake aondoke.

Ndipo baba, mtu asiyeinama hata kuokota kijiko chake mwenyewe, akaichukua ile kata, akapiga magoti vumbini, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee mwenzangu. La mke wangu limekatazwa na daktari. Leo pokea langu."

Nkuba akapokea maji kwa mikono miwili, akanywa.

Baba akajaribu kuinuka. Wapi! Akajaribu tena, magoti yakagoma. Mama akasogea, akamshika makwapani, akamnyanyua mzimamzima kama gunia la mpunga.

Nkuba akacheka hadi akapaliwa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Umeona Bujiku alivyofanya kwa ajili ya mkewe? Wewe utaweza?"

Shija akalitazama lile vumbi, akatazama jikoni. "Nitaweza, baba."

Ugali wote ukaungua, na sikujali hata kidogo.