Maneno ya Kiti cha Msusi

Mkalishe mwanamke kwenye kiti cha kusukwa, akupe kisogo, umshike kichwa kwa saa mbili tatu, naye atakueleza mambo ambayo hata mumewe hayajui. Ndiyo maana wasusi wana sheria yao, ambayo haijaandikwa popote: maneno ya kiti hubaki kwenye kiti. Msusi anayeuza maneno ya kiti na afunge duka akauze mkaa, maana hapati tena kichwa cha kushika.

Huyu wetu walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu alisuka bila kuvuta. Hata wale wenye vichwa vya kulialia walisinzia mikononi mwake. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya fundi viatu na muuza vocha, lenye viti viwili, benchi la wanaosubiri na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Ni mlangoni mwa duka hilo ndipo mumewe wa zamani, fundi betri, alipokuja na kopo mkononi. Alimwambia kwa mara ya mwisho arudi nyumbani, naye akakataa kwa mara ya mwisho. Tindikali ilimla shavu la kushoto, jicho, sikio na nusu ya shingo.

Usije ukadhani alijificha. Mwanzoni, ndiyo, alijifunga mtandio akaacha jicho moja tu la kuonea njia. Halafu siku moja ya joto kali aliuvua akautupia kwenye kapu la nywele bandia. "Atakayeshtuka na ashtuke, kisha azoee," alisema. Wateja walishtuka, wakazoea. Wachache waliohama walikwenda kusukwa kwingine, wakarudi na vichwa vinavyowaka moto na maneno mengi ya kuomba radhi.

Kilichokuwa kinamla sasa ni kesi. Sheria ilikuwa na milango miwili, na mwendesha mashtaka, dada mmoja mwembamba aliyetembea kama anafukuza mwizi, alimweleza waziwazi walipokaa ofisini kwake.

"Ikionekana alimwaga kwa hasira ya ghafla, basi ni kujeruhi tu. Miaka michache, au faini, hasa familia zikipatana. Ikionekana alipanga, hilo ni kosa jingine kabisa. Linafika kifungo cha maisha."

"Sasa si alikuja na kopo?"

"Ni fundi betri, dada yangu. Wakili wake anasema kila siku hutembea na makopo. Alikuwa anapita, mkagombana, akapandwa na hasira."

"Kwa hiyo kazi yake ndiyo inamtetea."

"Mpaka sasa, ndiyo. Nina siku moja tu ya kuleta ushahidi kabla sijafunga upande wetu. Kama una shahidi mwingine, mlete."

Mkono Mwepesi hakuwa naye. Alirudi nyumbani akakuta nako kunachemka. Baba mdogo, ambaye tangu kaka yake afariki alijiona ndiye serikali ya ukoo mzima, alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa na kofia yake gotini. Kaka mtu, dereva wa lori, alikuwa anazunguka sebuleni, akigonga meza na kila kiti alichopita.

"Tuyamalize nyumbani," alisema baba mdogo. "Wako tayari kutoa fidia. Tukasimame mahakamani tuseme tumesamehe. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Baba mdogo," alijibu Mkono Mwepesi, "hayo hayakuwa maji."

"Mimi fidia siitaki!" kaka mtu akadakia. "Dawa ya moto ni moto. Kopo hata mimi naweza kulishika."

"Na wewe kaa chini. Mafuta ya lori lenyewe ukijaza unamwaga nusu. Utajimwagia mwenyewe, halafu niwe na wagonjwa wawili."

Kaka mtu alikaa. Baba mdogo alikohoa kidogo, akaigeuza kofia yake, akatoa lile alilokuwa amelificha muda wote. "Nimeshawapa neno. Nimewaambia tutasamehe."

Mkono Mwepesi alikasirika. Uso ulikuwa wake, maumivu yake, usiku wa kulia wake, lakini neno la kusamehe lilikuwa limeshatolewa na mtu mwingine kana kwamba ni kiti cha kuazimwa. "Neno ulilotoa ni lako," alisema. "Kasamehe wewe alichokumwagia wewe." Aliingia chumbani akafunga mlango. Lakini moyoni alijua mambo: bila ushahidi wa kupanga, mlango mdogo wa sheria ulikuwa wazi, na fundi betri angepita humo akitembea.

Kesho yake duka lilikuwa limejaa. Mmoja kitini, watatu benchi, na hadithi ya mume wa mtu ilikuwa imefika patamu. Ghafla benchi zima likanyamaza. Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wake wa zamani, mama yake fundi betri.

Zamani mama huyu alikuwa haachi kuja kila mwisho wa mwezi. Alimpenda mkwewe kuliko alivyompenda mwanawe, na hakuficha. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga. Sasa alivuka mlango, akapita katikati ya macho yote, akakaa kwenye kile kiti cha pili kilichokuwa kitupu. Na wasusi wana sheria yao nyingine: aliyekaa amekaa. Mteja akishaketi humwinui.

"Nifanyie mistari tu," alisema, akatazama chini asikione kioo.

Mkono Mwepesi alimmaliza aliyekuwa naye. Wale wa benchi walielewa bila kuambiwa. Mmoja alikumbuka nguo alizoanika, wa pili akakumbuka sufuria jikoni, wa tatu hakukumbuka chochote akaondoka hivyo hivyo. Wakabaki wawili. Alishika kichana, akagawa nywele, akaanza. Nywele za mama zilikuwa nyeupe kuliko alivyoziacha.

"Nimekuja kuomba," mama alisema baada ya mistari kadhaa. "Ni mwanangu wa pekee, mkwe wangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baba yako mdogo ametupa neno, lakini mimi nataka kulisikia kwako. Mwambie jaji umesamehe. Mwambie ilikuwa hasira tu."

Vidole viliendelea kusuka. "Mama, mimi nitasema lolote utakaloniambia ni kweli. Niambie wewe. Ilikuwa hasira tu?"

Fundi viatu wa jirani aligonga msumari, akagonga tena. Mabega ya mama yalianza kutikisika, na kichwa kikawa kizito mikononi mwa msusi. Kisha akasema. Alisema yote, taratibu, kisogo kikiwa kwa mtu aliyeumizwa, kwa sababu usoni asingeweza.

Alichosema, na sisi tukiheshimu kiti, tukiache hapo kwanza. Itoshe kujua kwamba kilikuwa na uzito wa kuufunga ule mlango mdogo wa sheria na kuufungua ule mkubwa.

Mkono Mwepesi alikaa benchi. "Mama, hayo siwezi kuyabeba mimi kwenda nayo mahakamani. Ni maneno ya kiti. Tangu nijifunze kazi hii sijawahi kuuza hata moja. Lakini kwako wewe ni maneno yako, unaweza kuyasema."

"Unaniambia nikamzike mwanangu akiwa hai?"

"Sikwambii kitu. Nakwambia tu siku ya kesi. Na nitamwomba mwendesha mashtaka akuite. Ukija, umekuja. Usipokuja, bado utakaa kwenye kiti hiki na nitakusuka, wala sitakuuliza."

Mama aliinuka. Alisahau mkoba, akarudi kuuchukua, akaondoka tena bila kuaga.

Mwendesha mashtaka aliposikia jina la shahidi, alikaribia kuangusha mafaili. "Mama mzazi wa mshtakiwa? Atasema nini?"

"Hilo siwezi kukwambia."

"Dada, kumwita shahidi usiyejua atasema nini ni kujichimbia kaburi. Je, akisema mwanawe ni malaika?"

"Atakuwa amesema. Mwite tu."

"Unajua anachokijua?"

"Sisi wasusi hatuuzi maneno ya kiti."

Yule dada alicheka kwa kukata tamaa, akaandika hati ya wito.

Siku yenyewe ukumbi wa mahakama ulijaa. Wateja walikuja na watoto mgongoni, fundi viatu alifunga kibanda. Baba mdogo alikaa mbele na kofia gotini, tayari kusimama kutamka msamaha wake. Fundi betri alisimama kizimbani, amenyoa, amevaa shati jeupe, mpole kama mtu anayesubiri kubatizwa. Mama yake alipoitwa na kuingia, alitabasamu. Wakili wake pia. Waliona msaada umekuja wenyewe.

Mama aliapa. Mwendesha mashtaka akauliza swali pekee aliloweza kuuliza: "Mama, una jambo gani la kuiambia mahakama?"

"Wiki moja kabla ya siku ile," alisema mama, "nilikuta kipande cha nyama juu ya jiwe, nyuma ya nyumba. Nyama nzuri, ya kununua. Kimekuwa cheusi, kimelika, kinatoa moshi. Nikamgombeza mwanangu kwa nini anaharibu nyama. Akaniambia, 'Najaribu kitu, mama. Nataka nijue inakula kwa haraka gani.'"

Tabasamu la kizimbani lilikauka.

"Sikuelewa. Siku niliposikia habari za mkwe wangu ndipo nikaelewa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakifukia kile kipande kwa mikono hii. Nimelala nacho tangu hapo." Alimgeukia mwanawe. "Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilikufunza. Wewe unajua nilikufunza. Hukufunzika."

Wakili aliinuka kuhoji, akamuuliza kama hana chuki na mwanawe. Mama alimjibu kwamba jana yake amempelekea shati hilo jeupe, amelipiga pasi mwenyewe. Wakili akakaa.

Utetezi nao uliposikilizwa, jaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyokuwa ikimteleza kila dakika, alipomtia fundi betri hatiani kwa kupanga, alimuuliza Mkono Mwepesi kama ana la kusema kabla ya adhabu. Baba mdogo alijiinua nusu. Mkono Mwepesi akamgusa bega, mzee akaketi.

"Mheshimiwa, kaka yangu anataka huyu naye amwagiwe. Mimi sitaki. Tutakuwa wawili mtaani wa kutisha watoto, na tindikali itakuwa imeshinda mara mbili." Watu walicheka, jaji akaacha wacheke. "Baba yangu mdogo anataka fidia. Namheshimu, lakini ikiwa uso unalipiwa, basi kila mwenye pesa ana ruhusa ya kununua uso mmoja. Na kufa sitaki afe. Mimi nililala na maumivu nikaomba kufa, sikufa, na sasa nasuka. Ninachotaka ni sheria imhesabu kama alivyonihesabu yeye. Hakuniua, kwa sababu alitaka niishi bila maisha. Basi naye aishi, na maisha yake yakae gerezani. Na mwanamume mwingine popote alipo, akishika kopo kwa hasira, alikumbuke hili, alirudishe lilikotoka."

Jaji alivua miwani kabisa. Alisema kwamba mtu aliyeteleza huadhibiwa kama aliyeteleza, lakini aliyejaribu kwanza kwenye nyama alishajua anakwenda kufanya nini kwenye ngozi ya mtu. Alisema familia zinaweza kupatana juu ya mbuzi na mipaka ya mashamba, si juu ya uso wa mwanamke mzima mwenye akili zake. Kisha akatamka: kifungo cha maisha.

Vigelegele vilipasua paa. Karani aligonga meza, hakuna aliyemsikia. Mwendesha mashtaka alimkumbatia fundi viatu, ambaye hakuwa anamjua. Kaka mtu, dereva wa lori, alilia kama mtoto, akasema ni vumbi. Mkono Mwepesi alihisi kitu kimemtoka kifuani, kikubwa, kilichokaa humo tangu siku ile mlangoni. Alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda.

Halafu akamwona mama. Alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi la nyuma. Ndugu wa upande wake walikuwa wametoka bila kumtazama, na waliobaki walimkwepa. Mkono Mwepesi akaanza kwenda kwake. Baba mdogo alimshika mkono.

"Unakwenda wapi? Wale si watu wetu."

"Huyu ni mama," alisema, akajinasua.

Alimwinua, akamshika kiunoni, wakatoka pamoja hadi kwenye ngazi za nje. Umati uliokuwa ukimsubiri kwa shangwe ulipomwona aliyefuatana naye ulinyamaza wote. Mama akajaribu kurudi ndani. Mkono Mwepesi hakumwachia.

"Vigelegele vyangu nimevisikia," alipaza sauti. "Asanteni. Sasa mpigieni huyu. Bila huyu, saa hizi tungekuwa tunajadili faini."

Hakuna aliyeanza. Wanawake walitazamana. Na wa kwanza, amini usiamini, alikuwa baba mdogo, serikali ya ukoo, mwanamume ambaye hakuwa amepiga kigelegele tangu azaliwe. Alivua kofia, akafungua mdomo, akajaribu. Kilitoka kibaya, kilikwama katikati kama pikipiki mbovu. Watu waliangua kicheko, na katikati ya kicheko wanawake wakakipokea, wakakitengeneza, wakakipandisha juu mpaka barabara ya pili ikasikia.

Mama mkwe alikuwa analia, na machozi hayajakauka akacheka. "Mwambie baba yako mdogo asirudie tena," alisema. Mkono Mwepesi naye akacheka, kwa ule upande wa uso unaoweza kucheka, wakashuka ngazi wameshikana, na watu wakawafungulia njia.